Usijenge Pagale la Kuku: Maliza Kipande Kimoja, Kitumie, Ndipo Uongeze



Kila mwaka mvua zikishakatika, watu wameuza mpunga na pamba, au duara limetema kule Geita, simu yangu huanza kuita kwa ombi lile lile: "Mtaalamu, nina hela kidogo hapa, nichoree banda la kuku elfu moja."

Huwa sichori kwanza. Nauliza: ukishapaua, chakula utanunua kwa hela gani? Hapo ndipo ukimya unapoingia. Tupige hesabu pamoja. Kifaranga wa kuku wa mayai, tangu siku ya kwanza mpaka anapokaribia kutaga kwenye wiki ya 18 hadi 20, anakula kama kilo 7 hadi 8. Kuku 1,000 ni tani 7 hadi 8 kabla hujaokota yai hata moja. Wakianza kutaga, kila mmoja anataka gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani zaidi ya mifuko miwili ya kilo 50 kila siku inayokucha, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kijana aliyemalizia hela yote kwenye tofali na bati anabaki na jengo zuri ambalo wafugaji wake ni buibui.

Wapo wanaonijibu, "Basi nitajenga kidogo kidogo." Vizuri, lakini hapo pia kuna mtego. Ukitoka Kahama kupitia Kakola kuelekea Geita, hesabu mapagale njiani. Yote hayo yanajengwa kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza msingi wa jengo zima. Mwaka wa pili tofali mpaka usawa wa madirisha. Mwaka wa tatu lenta. Halafu bei ya bati inapanda, duara linakauka, na nyasi zinaota chumbani. Hela iliyozikwa pale haijazaa hata shilingi, na mwenye jengo hajajifunza chochote kuhusu jengo lake, kwa sababu hakuna kiumbe aliyewahi kuishi humo.

Fikiria tikiti maji. Hakuna mtu anayemenya ganda lote la tikiti wiki hii, wiki ijayo ale nyama ya juu juu, mwezi ujao afike katikati. Unakata kipande kimoja kuanzia ganda mpaka moyoni, unakila, ukikiona kitamu unakata kingine. Banda nalo likatwe hivyo. Kipande kidogo, lakini kina msingi, ukuta, paa, mlango na maji. Kimekamilika. Kuku wanaingia wiki hiyo hiyo, na wewe unaanza kuona.

Hili si jambo geni kwetu

Mijini watu wanalifanya kila siku bila kuliita jina. Mtu akipata kiwanja anaanza na banda la uani: vyumba viwili, choo, bati juu. Anahamia. Anaacha kulipa kodi, pengine anapangisha chumba kimoja, na kodi ile inanunua tofali za nyumba kubwa. Akiwa anaishi pale anajua maji ya mvua yanapita wapi, jua la jioni linapiga upande gani, jirani anapitisha ng'ombe wapi. Nyumba kubwa ikija kujengwa inajengwa na mtu anayekijua kiwanja chake.

Serikali nayo iliwahi kulifanya kwa makusudi. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nchi yetu iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Awamu ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni yalizaliwa hapo. Mradi haukumjengea mtu nyumba. Ulipima viwanja, ukachonga barabara, ukaleta maji, halafu mwananchi akaachiwa ajenge kwa uwezo wake, chumba kwa chumba. Sambamba na hayo, maeneo mengine ambayo watu walikuwa wameshajenga ovyo yalirekebishwa kwa kupitishiwa barabara na maji baadaye.

Miaka zaidi ya 30 ikapita. Guy Michaels na wenzake walirudi kulinganisha maeneo hayo katika miji 7 ya Tanzania, na kazi yao ikachapishwa 2021. Waliona kwamba kule ambako viwanja na barabara vilipangwa kabla ya watu kujenga, leo nyumba ni bora zaidi na mtaa una mpangilio mzuri zaidi kuliko kule kulikorekebishwa baadaye. Wote walijenga polepole. Tofauti ni kwamba wengine mambo yasiyohamishika yaliwekwa sawa kwanza, na wengine walikuja kuyatafuta wakati nyumba zimeshakaa njiani.

Wenzetu wa Nairobi walifanya hivyo Dandora kuanzia katikati ya miaka ya 1970, viwanja kama 6,000, kila kimoja kikianza na sehemu ya maji na choo na mengine yakifuata. Hata Chile, mbunifu Alejandro Aravena na kundi lake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walizijengea familia karibu 100 za mji wa Iquique nusu ya nyumba: ile nusu ngumu yenye jiko, bafu, ngazi na paa, pembeni wakaacha nafasi wazi ya familia kujiongezea. 2016 akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Bibi zetu wenye mabanda ya uani hawakupewa hata cheti, lakini tuendelee.

Na sisi wa Shinyanga tunayo kumbukumbu ya upande wa pili. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini, na 1974 operesheni ikapita mkoani kwetu. Nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, kwa haraka, kwa ramani moja. Wazee wetu walikuwa wamejenga kaya zao juu kwenye luseni, mchanga unaopitisha maji, mpunga wakauacha chini mbugani, na ng'ombe wakawa na ngitili zao za kiangazi. Mpangilio ule ulichukua vizazi. Ulivunjwa ndani ya msimu mmoja: watu wakawa mbali na mashamba, mifugo ikarundikana sehemu moja, ngitili nyingi zikatelekezwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza 1986, ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa kama hekta 600 tu. Zilirudi kwa kaya moja kufunga kipande chake, jirani akaona nyasi na nguzo, naye akafunga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000.

Yale ya kuamua siku ya kwanza

Sasa tuje kwenye banda lako. Kuna mambo machache ambayo ukikosea kuyaweka, hakuna awamu ya pili itakayokuokoa.

La kwanza ni udongo. Mbuga nyeusi inavimba ikilowa na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa. Ukuta wa tofali juu yake utapasuka tu, hata fundi awe nani. Tafuta luseni, au sehemu ya juu yenye changarawe. Kama shamba lako lote ni mbuga, jenga jengo jepesi la nguzo na wavu, inua sakafu kwa moramu, na usithubutu kujenga ukuta mrefu mfululizo.

La pili ni upande. Sisi tuko kati ya nyuzi 3 na 4 kusini mwa Ikweta, jua linapita karibu juu ya utosi. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Mwezi wa sita jua linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini, kwa hiyo upenu uwe mrefu pande zote mbili. Banda ukishaliweka upande mbaya utapambana na joto miaka yote, na kuku wa mayai akihema mdomo wazi ujue hali vizuri na hatagi vizuri.

La tatu ni maji na njia. Maji yanatoka wapi, gari la chakula linafika mpaka wapi, maji ya mvua yatatokea wapi. Kwa wa ukanda wa dhahabu naongeza: angalia uko upande gani wa mialo ya kuchenjulia. Usiweke kisima wala banda kwenye mkondo unaopokea maji ya mwalo. Zebaki haina awamu ya pili. Pia pita ofisi ya Afisa Madini Mkazi uulize kama eneo lako liko ndani ya leseni ya mtu, maana kuna watu wamejenga kwa zege mahali ambapo walitakiwa kujenga kitu cha kufungua na kuhamisha. Na kama uko eneo la mji, omba kibali cha ujenzi halmashauri kwa mchoro wa jengo zima, hata kama mwaka huu unajenga robo yake.

Mengine yote, mlango uwe wapi, stoo iwe upande gani, vyumba vingapi, kuku wa aina gani, hayo yaache yalegee. Utaambiwa na banda lenyewe.

Kipande kinakatwaje

Ninachopendekeza ni upana wa mita 6. Kenchi ya mita 6 fundi wa kawaida anaimudu bila mbao za kutafuta mbali, na hewa inapita vizuri. Nguzo ziachane mita 3. Hapo kila kipande ni mita 6 kwa 3, mita za mraba 18. Kuku wa mayai 5 kwa mita ya mraba wanatosha kwa joto letu, kwa hiyo kipande kimoja kinabeba kuku 90. Anza na vipande vitatu: mita za mraba 54, kuku 270. Chakula cha kuwafikisha kutaga ni tani 2 na kidogo, mzigo ambao kijana mwenye mtaji wa kawaida anaweza kuubeba bila kuuza pikipiki.

Ukuta wa pembeni ujae mpaka usawa wa goti au kidogo juu yake, kutoka hapo mpaka juu ni wavu, na viroba vilivyoshonwa pamoja vya kushusha usiku wa baridi au mvua ya upepo. Chini weka maganda ya mpunga, Kahama na Shinyanga mashine za kukoboa hazikosi. Nguzo za miti zisiguse udongo moja kwa moja, mchwa wa huku hawana adabu. Zisimamishe juu ya kikombe cha zege.

Ule ukuta mfupi wa upande utakaoongezea usiujenge kwa tofali. Weka fremu ya mbao, wavu na bati kuukuu, kitu cha kung'oa kwa nusu siku. Papi za paa ziache zitoke nje kama futi moja ili bati za kipande kijacho zipate pa kulalia. Kama umejenga tofali, mwisho wa ukuta uache kama meno, tofali moja nje, moja ndani, ukuta mpya uingie humo. Nondo zinazobaki wazi zipakwe udongo wa saruji hafifu, zisiliwe na kutu kabla hujarudi.

Isipokuwa kwenye udongo unaovimba. Hapo usifunge mpya na ya zamani pamoja. Jengo la zamani limeshakaa, jipya bado linatafuta pa kukaa, ukiyashikanisha yatavutana mpaka ufa utokee. Jenga msingi wake, acha nafasi ya upana wa kidole, ziba juu kwa bati.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo mafundi hawatakwambia. Kuku si wapangaji. Huwezi kuongeza chumba na kuingiza vifaranga ukuta kwa ukuta na kuku wakubwa, maana wakubwa wanabeba magonjwa ambayo wenyewe hawaugui lakini mdogo anakufa nayo. Kwa hiyo refusha banda wakati kundi limeuzwa na nyumba iko tupu. Kama unataka makundi mawili ya umri tofauti, awamu ya pili iwe banda lingine, angalau mita 10 kutoka la kwanza, na la vifaranga likae upande upepo unakotoka.

Kijana wa karibu na Kahama

Yuko kijana mmoja alikaa mashimoni miaka kadhaa, akatoka na hela ya kutosha banda la kuku 900. Tulibishana sana. "Mtaalamu, watu watanicheka, nimetoka Geita halafu najenga kibanda?" Baba yake alikuwa amekaa pembeni anasuka kamba, akasema, "Ng'wanawane, wanaocheka hawanunui pumba." Tukaanza na vipande vitatu, kuku 250.

Mvua za Novemba zilipoanza ndipo mambo yakaanza kuonekana. Upepo wa mvua uliingia kwa mlango, na mlango ulikuwa pale kwa sababu fundi aliona panapendeza. Ukahamishwa, kazi ya siku moja kwa kuwa ulikuwa wa mbao. Stoo ya chakula alikuwa amepanga iwe mwisho wa banda, lakini baada ya wiki tatu za kubeba mifuko aliona njia ambayo miguu yake mwenyewe imeichora kwenye nyasi, kutoka barabarani mpaka kwenye tenki. Stoo ikajengwa juu ya njia hiyo.

Lakini kubwa lilikuwa soko. Mayai aliuza, siyo kwamba yalikosa mnunuzi. Ila mama lishe wa machimboni walikuwa wanamuuliza kila siku kuku wa nyama, hasa chotara, tena wakubwa. Awamu ya pili ikawa banda la chotara, lenye nafasi ya kuku 7 kwa mita ya mraba, bila viota vya kutagia, na mlango mpana wa kutolea matenga. Fikiria kama lile banda la 900 lingekuwa limesimama tayari na viota vyake vyote. Awamu ya tatu haikuwa hata ya kuku: alijenga chumba cha kijana wa kazi, baada ya wezi kuja usiku mara mbili.

Leo ukipita pale utaona majengo matatu yasiyolingana, bati za rangi mbili. Si la kupiga picha. Lakini kila ukuta pale una sababu yake, na mwenyewe anaweza kukutajia.

Pale ambapo njia hii inakula hela

Nisiwadanganye, kujenga kwa vipande kuna gharama yake. Fundi unamwita mara tatu badala ya mara moja. Lori la mchanga unalipia safari nzima hata ukihitaji nusu. Maungio ya paa ndiyo yanayovuja kwanza. Ukijumlisha yote mwishoni, kwa kila mita ya mraba utakuwa umelipa zaidi kuliko aliyejenga kwa mkupuo. Mimi naona ni bei nafuu ya kununua taarifa, lakini kama tayari unafuga, soko unalijua, na una mkataba wa mauzo mkononi, jenga kubwa tu, huna cha kusubiri.

Na vipo vitu havikatwi. Kisima hakichimbwi nusu. Tenki la maji lichukue ukubwa wa banda la mwisho, siyo la kwanza. Mtambo wa biogesi hivyo hivyo. Sakafu ya ghala la mahindi imwagwe yote pamoja na karatasi ya nailoni chini yake, kwa sababu unyevu ukipata ufa mmoja unapanda na kuozesha magunia. Kwa ng'ombe wa maziwa unaweza kuanza na vizimba viwili vya mita 1.2 kwa 2.2 na kuendelea kuongeza, lakini mteremko wa sakafu na shimo la mbolea vipimwe kwa idadi utakayofikia, la sivyo mkojo wa ng'ombe wa sita utarudi kwa ng'ombe wa kwanza.

Kiangazi hiki, kabla hujamwita fundi, chukua vigingi na kamba upime banda zima chini, vipande vyote hata vile vya miaka mitatu ijayo. Jaza ndoo ya maji, ibebe kutoka tenki mpaka mwisho wa kamba, rudi, beba mfuko wa chakula kutoka barabarani. Fanya hivyo asubuhi na saa nane mchana. Sogeza vigingi mpaka mwili wako ukubali. Ukishachagua vipande vitatu vya kuanzia, vigingi vya vile vingine viache palepale, na mwambie mama wa nyumbani asipande mahindi hapo.